Mkeka Ulioachwa Nusu

Kila Jumamosi saa saba mchana nilikuwa nimeshaoga, nimeshavaa, na nimekaa mlangoni nikimsubiri mama atoke kazini. Mama alikuwa dobi wa hospitali. Alirudi na harufu ya sabuni, vidole vimesinyaa kwa maji, akabadilisha gauni na kuniuliza, "Haya, leo tunakwenda kuona nini?"

Tulikuwa na miezi saba tu katika mji ule. Hatukuwa na shangazi wa kumtembelea wala jirani wa kupiga naye soga. Basi mama akaamua kwamba makumbusho na maonyesho ya sanaa ndiyo yatakuwa ndugu zetu. Tulishaona vinyago, picha za rangi, hata chumba kizima cha kufuli na funguo. Mama alisoma kila kibandiko cha maelezo neno kwa neno. Mimi sikusoma. Niliona uvivu, na isitoshe, mimi vitu huvitazama kwa vidole. Niseme ukweli mapema: mikono yangu haina adabu.

Mahali nilipopapenda kuliko pote palikuwa jumba dogo la makumbusho nyuma ya posta. Mlinzi wa pale tulimwita Mzee Taratibu, maana hilo ndilo neno alilomwambia kila mtu. Watoto wakikimbia, "Taratibu!" Mtu akipiga chafya, "Taratibu!" Ndiye mtu wa kwanza katika mji ule kuniita mjukuu, na kila nilipofika alinipa kigoda chake nikae.

Jumamosi moja tulikuta maonyesho mapya ya vitu vilivyosukwa. Katikati ya chumba, ndani ya kamba ya kuzuia watu, palikuwa na mkeka mpana, mzuri ajabu, lakini haujamalizwa. Ukili wake wa mwisho, yaani ule utepe wa majani makavu unaoshonwa ukawa mkeka, ulikuwa bado unaning'inia. Chane zake, yale majani yaliyochanwa membamba, zilikuwa zimetawanyika kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.

Lo! Niliwashwa vidole. Bibi yangu, aliyebaki kijijini, anaishi kwa kusuka mikeka, na mimi nilijua kusuka ukili kabla sijajua kuandika jina langu. Kwa bibi, kuacha ukili wazi ni uzembe mtupu. Hata ukienda kunywa maji, unaufunga kwanza. Ukiuacha wazi utakiona cha moto.

Mama alikuwa chumba cha pili akisoma vibandiko vyake. Mzee Taratibu aliniwekea kigoda ndani ya kamba. "Tazama kwa macho tu, mjukuu," aliniambia. Mara darasa zima la watoto likaingia kwa vishindo, naye akakimbilia mlangoni. "Taratibu! Taratibu jamani!"

Nikabaki mimi na ule mkeka. Kunjo la mwisho lilikuwa limelegea, nikalikaza. Kisha nikashika chane. Nilihesabu makunjo kimoyomoyo, kama bibi alivyonifundisha, mpaka thelathini na moja. Chane zilipobaki fupi nikafunga mwisho, safi kabisa. Mzee aliporudi nilikuwa nimekaa na mikono mapajani, najisifu moyoni kwamba nimewasaidia watu wa watu.

Jumamosi iliyofuata tulikuta chumba kile kimefungwa. Mlinzi alikuwa mwingine, kijana aliyekunja uso.

"Mzee Taratibu yuko wapi?" nilimwuliza dada wa mapokezi.

"Amesimamishwa kazi. Kuna mtu alichezea ule mkeka wakati wa zamu yake. Wakubwa wanakaa Jumanne kuamua, lakini mimi naona unga wake umeshamwagika."

Mama alishika mdomo. "Maskini! Na mkeka wenyewe ulivyo! Nilisoma habari zake. Aliusuka mama yake yule msanii aliyeleta maonyesho haya, akiwa mgonjwa kitandani, mpaka siku aliyofariki. Binti yake akauacha pale pale mkono wa mama yake ulipoishia."

"Binti mwenyewe alikuja juzi," alisema yule dada. "Alipiga magoti akaupapasa weee, asione mama yake ameishia wapi. Kazi iliyoongezwa inafanana mno na ile ya mwanzo. Alilia, dada yangu, hata sisi tukalia naye."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini sakafu ya marumaru ilikuwa ngumu kama kawaida yake.

Njiani mama alizungumza na mimi nikawa bubu. Nilifungua mdomo mara tatu, na mara zote tatu nilisema nina kiu. Nilikunywa maji mengi sana siku ile. Jumapili niliwaza kuandika barua isiyo na jina, lakini nilipomaliza mstari wa kwanza niliichana. Niliwaza kwenda kufumua mwenyewe, lakini chumba kilikuwa kimefungwa na mimi sina ufunguo. Darasani Jumatatu mwalimu aliniuliza swali la hesabu, nikajibu, "Thelathini na moja." Wenzangu waliangua kicheko. Mimi nilikuwa karibu kulia. Mtu mzima anafukuzwa kazi kwa ajili yangu, mwingine amempoteza mama yake mara ya pili, na mimi sikujua pa kuanzia.

Jioni ile mama alikuwa akikunja nguo zake za kazi. Akasema kwa huzuni, "Kesho ndiyo wanaamua hatima ya yule mzee. Sijui atakula nini."

Sikuweza tena. "Mama, ni mimi!" Yakatoka yote, pamoja na machozi na makamasi.

Mama aliketi kitandani na shati mkononi. "Kwa nini hukusema Jumamosi?"

"Nilidhani utanirudisha kwa bibi. Nilidhani utaona aibu, hutataka tena kutembea na mimi."

"Aibu nimeiona, sitakuficha," alisema. "Na la kufanya silijui, mwanangu. Hapa mjini sina mtu wa kunisemea. Ila kesho naomba ruhusa kazini, tunakwenda, na utasema wewe mwenyewe."

Ofisini kwa mkurugenzi wa makumbusho tulimkuta Mzee Taratibu, amekaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini. Karibu na dirisha alisimama mwanamke mrefu mwenye macho mekundu. Nilijua mara moja kuwa ni yule msanii. Nilisema kila kitu.

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mtoto wa miaka kumi na miwili asuke vile? Haiwezekani. Nani amekufundisha maneno haya?" Akamgeukia Mzee Taratibu. "Au umewaomba waje kukuokoa?"

"Mheshimiwa, sijawaomba kitu," alisema mzee kwa sauti ndogo.

Ukweli nilikuwa nimeukalia siku tatu, na sasa nimeuleta, unakataliwa! Nilimtazama mama. Mama naye alikuwa akilitazama zulia.

Yule msanii alifungua mkoba wake, akatoa chane chache, akanipa. "Suka."

Nikasuka. Makunjo mawili ya kwanza yalipinda, halafu mikono ikasahau kuogopa. Alinishika mkono kabla sijafika mbali. "Inatosha. Ni huyu." Akachuchumaa mbele yangu. "Sasa niambie, mama. Unajua ulianzia wapi?"

"Najua. Nilihesabu."

Chumba kikafunguliwa. Nilikaa sakafuni, nikafumua kunjo moja moja, nikihesabu kwa sauti tangu thelathini na moja kurudi chini. Nilipofika moja, nikaacha.

"Hapa," nilisema. "Hapa ndipo mama yako alipoishia."

Msanii alifunika uso kwa mikono miwili. Mkurugenzi akashusha pumzi. Kila mtu aliona mambo yamekwisha, na mimi peke yangu nilijua hayajaisha. Hakuna ambaye angegundua, hata siku moja.

"Bado kidogo," nilisema. "Hili kunjo la mwisho, la mama yako, lilikuwa limelegea. Mimi nililikaza. Nilidhani ni uzembe."

Kisha msanii alipitisha ukucha wake chini ya lile kunjo, akalivuta kidogo, akaacha, akavuta tena. "Hivi?"

"Zaidi kidogo. Hapo. Lilikuwa hivyo hivyo."

"Mkono wake ulikuwa umeshachoka," alisema, akitabasamu huku machozi yakimtiririka. "Siku ile nilimwambia apumzike, akaniambia bado kunjo moja. Ndilo hili. Ahsante, mama. Ungenyamaza, nisingelipata tena."

Mkurugenzi alimrudisha Mzee Taratibu kazini siku ile ile, kwa onyo kali la kigoda ndani ya kamba. Mzee alitusindikiza mpaka ngazini, kofia yake kichwani.

"Mjukuu, na mimi nina langu," alisema. "Waliponiuliza nani alikuwa karibu na mkeka, nilisema sijui. Niliogopa kusema kwamba nilimkalisha mtoto ndani ya kamba. Wewe ulinyamaza kule, mimi nikanyamaza huku, na katikati yule mama wa watu analia. Makosa yetu yalikuwa ya dakika chache. Kunyamaza ndiko kulikoyafanya makubwa. Ukikosea, sema mapema, wakati bado unakumbuka ulipoanzia, maana wa kulirekebisha kosa huenda ni wewe peke yako."

Mama aliniwekea mkono begani. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Jumamosi iliyofuata tulirudi. Mzee Taratibu aliniwekea kigoda chake, nje ya kamba safari hii, hatua tatu nzima. Kabla ya kukaa nilisoma kibandiko chote, neno kwa neno, mpaka nukta ya mwisho. Kisha nikaketi kuutazama ule mkeka ulioachwa nusu, na mikono yangu miwili nikaikalia.