Mkono wa Fabien

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni pale Nchelenge, kando ya ziwa, Emilienne alimnyoosha mdogo wake Fabien mkono wa kulia. Fabien alikwama wakati wa kuzaliwa, mkunga akamvuta, na mkono ukabaki umelegea. Emilienne aliuinua na kuushusha taratibu, kama Dorica, muuguzi wa zahanati, alivyomfundisha. Na kumbe, vidole vilikuwa vimeanza kucheza!

Siku moja mitumbwi ya samaki ilifika kutoka Kongo, na wenzake Emilienne wakawa wanamwita njiani. Kwa pupa alimkamata mtoto mkono uleule, akamrusha mgongoni kama wafanyavyo wasichana wote wa ziwani, akakaza kitenge. Fabien alilia hadi sauti ikamkauka. Tangu hapo vidole vikatulia tuli.

"Umemufanya nini mutoto?" mama yao, Delphine, aliuliza.

"Hapana kitu, mama."

Uongo mtupu! Usiku ule Emilienne aliusukuma ugali pembeni. Mama naye alikuwa amekata shauri. "Dawa ya hospitali imeshindwa. Kesho tunavuka ziwa kwa waganga, wamuchanje mukono kwa wembe."

Wembe! Emilienne akaropoka: "Mama, usimupeleke! Ni mimi. Nilimuvuta mukono." Akalia kwa kwikwi.

Delphine alifura kwa hasira, lakini hakumpiga. Kulipokucha walikwenda wote watatu zahanati, wakamweleza Dorica yote.

Dorica alimfinya mtoto kidole cha mkono ule. Fabien akapiga kelele.

"Anasikia. Mshipa wa fahamu haujakatika," alisema, ila uso wake haukukunjuka. "Mshipa huu huanzia shingoni, hukua kidogo kidogo kuelekea vidoleni. Hauna macho. Seli za njiani zimevaa utando wa protini na sukari, na ncha ya mshipa hupapasa utando huo ijue pa kupita. Ndivyo ulivyokua akiwa tumboni, na ndivyo unavyokua tena ukijiponya. Ukivutwa unaumia, kazi inarudi nyuma. Na wembe ungeweza kuukata kabisa."

Delphine alijishika kichwa. "Yesu wangu! Ningemukata mwenyewe."

Wakaanza mazoezi upya. Mvua zikaja, zikaisha, mkono umelala tu, na Emilienne alijificha mara nyingi akilia. Kisha siku moja, zahanati, Fabien akaidaka kofia ya muuguzi, akaing'ang'ania kwa mkono wa kulia.

Delphine alipiga vigelegele. Dorica alimvuta Emilienne karibu.

"Kumvuta kulimchelewesha," alimwambia. "Kunyamaza kungemlemaza. Ukikosea, mwanangu, sema mapema."