Jibu la Kadi ya Kumi na Moja

Bwana Pi alikuwa mgonjwa mpole, dereva wa lori wa miaka hamsini na minne, na mchana ule wa mvua za Julai alizijibu kadi tisa za madoa ya wino bila taabu. Huku popo, kule mbwa wawili wanapigana, hapa nyonga ya ng'ombe. Alipopewa ya kumi aliifunika mezani.

"Mwalimu, mwambie huyo mama nyuma yako akakamulie nywele nje," alisema. "Ananirushia maji."

Yu-gyeong, aliyekuwa akimpima, aligeuka. Ukuta, kabati, saa. Aliandika maneno yale vilevile yalivyotoka, maana kazi ya mwanagenzi wa saikolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ndiyo hiyo kwanza: kuandika alichosema mgonjwa. Alikuwa na miezi minne tu katika mafunzo ya miaka mitatu, na mambo ya ajabu zaidi ya hayo alikwisha kuyasikia. Lakini alipoiokota ile kadi, ilikuwa imelowa, na ilinuka sabuni ya mche.

Ijumaa aliitwa na Mwalimu Gu, msimamizi wa mafunzo, mwanamke wa miaka sitini na moja ambaye hakuwahi kupandisha sauti.

"Kadi ni ngapi, Yu-gyeong?"

"Kumi, Mwalimu."

"Na hili la kumi na moja limetoka wapi?"

Chini ya majibu ya Bwana Pi palikuwa na mstari mmoja zaidi: *Nilisema nina mtoto.* Katika karatasi ya mgonjwa wa pili: *Mkaandika sina.* Ya tatu Mwalimu Gu aliifunika kwa kiganja, ila Yu-gyeong alikwisha kuisoma kichwa chini miguu juu: *Mimi Bun-nyeo.*

"Sikuandika mimi."

"Mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Hapa tulishamfukuza mtu kwa kubuni jibu moja. Wewe unayo matatu. Jumatatu uje na ukweli."

Alitoka akiwa na jina moja tu kichwani, la Tak Min-ha, mwanagenzi wa mwaka wa tatu. Min-ha alikuwa na ufunguo wa kabati la karatasi za vipimo na mdomo wa kukejeli. Alimkuta kantini, ameinamia supu.

"Dada, kama ni utani wa kumpokea mgeni, sasa basi."

"Utani gani? Nina ripoti tano zinanidai, nipate wapi muda wa kuiga mwandiko wako mbaya?"

"Jibu la kumi na moja."

Kijiko cha Min-ha kilisimama. Alitazama meza za jirani, kisha akasogea. "Ulisikia harufu ya sabuni?"

"Wewe ulijuaje?"

"Mwaka wangu wa kwanza nililipata moja. Nikaichana karatasi, nikanyamaza."

"Na mimi ukaniacha nijipalie makaa?"

"Ningekwambia nini? Ungenipeleka wodini nikalale na wagonjwa."

Yu-gyeong hakujua kama amwamini. Hata waliposhuka pamoja kwenye chumba cha majalada ya zamani, alihakikisha Min-ha anatangulia mbele.

Jalada la Seok Bun-nyeo lilikuwa la miaka thelathini na saba iliyopita. Alilazwa na wakwe zake akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Ripoti ya vipimo ilisema: *Anaamini kwamba ana mtoto wa kiume na kwamba wakwe zake wamemficha. Hana mtoto.* Ukurasa wa mwisho ulikuwa mfupi. Siku tisa baadaye alikutwa amezama katika birika la chumba cha dobi, chumba ambacho siku hizi ndicho cha vipimo. Chini ya ripoti palikuwa na muhuri mwekundu wa mwanagenzi aliyeiandika: Gu Ja-yeong, yaani Mwalimu Gu mwenyewe.

"Usiseme kitu," Min-ha alinong'ona. "Kwanza tumlete shangazi yangu."

Shangazi huyo, Mama Cheon, alikuwa mganga wa kuita mizimu. Alikuja Jumamosi adhuhuri, wagonjwa wakiwa kwenye chakula, na kengele yake akiwa ameifunga kitambaa isilie. Mwalimu Gu alipoambiwa habari ya jalada na ya mganga hakubisha wala hakuuliza, alichukua kalamu na muhuri wake tu akaja, na kukubali huko ndiko kulikomtia Yu-gyeong hofu kuliko kadi yenye maji.

Mama Cheon aliketi kwenye kiti cha mgonjwa, akafumba macho. Harufu ya sabuni ilianza kwa mbali, kama ya nguo zilizoanikwa uani, kisha ikaja karibu, ikawa nzito hata koo likawasha, na pamoja nayo ikaja sauti ya maji yakikamuliwa na kudondoka kwenye sakafu iliyokuwa kavu, tone baada ya tone, nyuma ya Yu-gyeong, kisha ubavuni pake, kisha upande wa pili wa meza, mpaka nywele za mganga, ambazo zilikuwa fupi na zenye mvi, zikaanza kuchuruzika maji mabegani.

"Niulize tena," alisema mganga, kwa sauti ya msichana.

Mwalimu Gu alishika kalamu. "Una mtoto?"

"Ninaye. Wa kiume."

Kalamu ilitembea. Yu-gyeong alichungulia: *Anaamini kwamba ana mtoto.*

Meza ilitetemeka.

"Mwalimu," Yu-gyeong alisema polepole, "futa hilo *anaamini*."

Mama mzima yule, aliyefundisha kizazi baada ya kizazi cha wanasaikolojia, alilia huku anafuta. Aliandika upya: *Ana mtoto.* Akapiga muhuri. Matone yakakoma. Min-ha alishusha pumzi, akidhani yamekwisha.

"Ahsante," ilisema ile sauti. "Sasa yuko wapi?"

Mwalimu Gu alifunga kifuniko cha kalamu.

"Mwalimu," Yu-gyeong aliuliza, "wakati ule uliwahi kuwapigia simu wale wakwe, ukawauliza kuhusu mtoto?"

Mwalimu Gu aliangalia mikono yake. Yu-gyeong alikuwa amefundishwa na mwanamke huyu huyu jinsi uso unavyotulia kupita kiasi pale mtu anapoficha jambo, na aliutazama uso ule ukitulia.

Mama Cheon alifumbua macho. Alijifuta maji shingoni, akaiokota kengele yake, akaelekea mlangoni.

"Shangazi, hujamtoa," Min-ha alisema.

"Siwezi kumtoa," alijibu mganga. "Ameulizwa mtu anayejua, na hajasema."