Kulwa Ameshashuka, Doto Ameshika Kamba

“Shemeji, nisikilize dakika tano tu.”

“Mimi si shemeji yako. Nunua buti uende.”

“Sikuja kununua buti.”

Doto akaweka kalamu chini. Miaka sita alikuwa anaisubiri siku Valerian atakaposimama mbele ya duka lake la buti na kofia za wachimbaji pale Kalangalala, Geita. Maneno alishayaandaa, yamekolea chumvi na pilipili. Sasa mtu mwenyewe huyu hapa, mashavu yamebonyea, shati limepigwa pasi upande mmoja, na maneno yote yamemkimbia.

“Kulwa anaumwa,” Valerian akasema.

“Apelekwe hospitali.”

“Yuko Dodoma, wiki ya tano sasa. Uboho wake umegoma kutengeneza damu. Kila siku anaongezewa ya watu. Wanasema apandikizwe uboho wa ndugu anayelingana naye. Mdogo wenu Shija amepimwa, hakulingana. Umebaki wewe.”

Kwa wasiojua, Valerian huyu alikuwa mchumba wa Doto. Alikula ugali wa mama yao mwaka mzima, kisha akamwoa Kulwa, pacha wake Doto, waliofanana mpaka mama yao huita majina yote mawili kwa pamoja asikosee. Usiniulize aliona nini kwa mmoja akakikosa kwa mwingine. Doto alijiuliza mpaka akachoka, na tangu siku ile hakuzungumza na dada yake.

“Yeye ndiye amekutuma?”

Valerian akainamisha kichwa. “Hajui kama nimekuja.”

“Basi na mimi sijui kama umekuja. Kwaheri.”

Lakini mchana ule aliuza buti mbili za mguu wa kushoto kwa mteja mmoja, na mteja akarudi anagomba. Jioni meseji ikaingia kutoka kwa Maduhu, mchumba wake wa sasa, mshika kamba kwenye duara moja, shimo la dhahabu, kule Nyarugusu. Wenzake wakishuka shimoni mita sitini, yeye hubaki juu kwenye winchi, macho kwenye kamba.

“Nasikia Valerian alikuwa dukani kwako. Niambie mwenyewe kabla sijaambiwa na watu.”

Doto akapiga.

“Alikuja kuomba uboho.”

“Kuomba nini?”

“Uboho. Ule wa ndani ya mfupa. Kulwa anakufa, Maduhu.”

“Na katika watu wote wa Geita kakuona wewe?”

“Mimi ni pacha wake.”

“Miaka sita hukuwa pacha wake. Leo Valerian kadondosha machozi mawili, umekuwa!”

Simu ikakatwa. Ilimuuma, kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake.

Kesho yake alikwenda kutoa damu ya kipimo hospitali ya mkoa. Alijiambia ni kipimo tu, kupima si kukubali. Sampuli ikasafirishwa, na Doto akaanza kusubiri. Namba yoyote ngeni ikipiga, anaacha wateja na kukimbilia simu. Aliogopa kuambiwa hawalingani. Aliogopa zaidi kuambiwa wanalingana. Siku ya kumi na sita ikapiga namba ya Dodoma.

“Dada Doto? Naitwa nesi Agnetha, mratibu wa wachangiaji. Uko peke yako?”

“Nipo peke yangu.”

“Mmelingana kwa kila kipengele. Sasa nisikilize vizuri. Mimi nakuhudumia wewe. Dada yako ana daktari wake, na tumetenganishwa makusudi ili asiwepo wa kukusukuma. Ukisema hapana, familia itaambiwa kwamba kitaalamu haikuwezekana. Hakuna atakayejua. Si mama yako, si mume wa dada yako.”

Doto akakaa juu ya boksi la kofia. Kisasi cha miaka sita kimeletwa mezani, tena kimefunikwa kawa.

“Na nikisema ndiyo, halafu nikaogopa?”

“Una ruhusa ya kuogopa mpaka siku moja tu. Siku atakayoanza dawa kali za kusafisha uboho wake wa zamani. Kuanzia hapo hana wake, na wako hajaupata. Ukiondoka hapo, sitakudanganya, hatapona.”

“Nitazaa, nesi?”

“Utazaa. Uboho unajirudishia wenyewe. Tutakupima moyo, ini, kila kitu. Ukiwa na tatizo tunasimamisha, wewe kwanza. Na ukimaliza hatukutupi, nitakupigia baada ya siku, wiki, mwezi, miezi sita. Utanichoka.”

“Nipe siku tatu.”

Siku ya tatu akaingia mama yao na fuko la plastiki. Geita nzima wanamwita Mama Kulwa, kwa sababu Kulwa ndiye aliyetangulia kutoka. Hakuna aliyewahi kumwita Mama Doto, na Doto aliliweka hilo moyoni tangu utotoni, pamoja na mengine.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mayu. Nimekuletea kitenge.”

Vilikuwa vitenge viwili, rangi moja, ua moja.

“Mama, utanunua viwili viwili mpaka lini?”

“Mapacha hawanunuliwi kimoja. Mmoja akipewa, mwenzake apewe. Hata homa ikimshika mmoja, dawa niliwanywesha wote.”

“Na mume je? Alinunuliwa mmoja.”

Mama akakunja vitenge taratibu, akavikunjua, akavikunja tena.

“Kulwa alitukataza tusikwambie. Alisema, ‘Msimwombe Doto. Nilishamchukulia cha kwake, siwezi kumchukulia cha pili.’ Valerian kaja kwa kujiiba. Na mimi pia nimejiiba.”

Doto akageuka kupanga buti ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alilia mgongo ukitikisika, mama akiutazama. Kisha akachukua simu.

“Nesi Agnetha? Andika ndiyo.”

Maduhu aliposikia, alikuja mwenyewe, vumbi la Nyarugusu mpaka kwenye nyusi.

“Mama yangu anasema mwanamke akitolewa uboho hazai.”

“Nesi kasema nitazaa.”

“Unamwamini nesi wa kwenye simu?”

“Kuliko mtu ambaye hajauliza hata kama naogopa. Ndiyo.”

“Ndoa yetu imetangazwa kanisani mara mbili, Doto. Imebaki moja. Ukipanda basi la Dodoma, nitamwambia katekista aache.”

“Unaniacha kwa sababu ya dada yangu?”

“Kwa sababu ya mume wake!”

Sasa likawa limesemwa. Doto akavua pete, akaiweka juu ya kaunta, kisha akaona atalia akiiacha pale, akaivaa tena.

“Kama unaitaka, utaifuata Dodoma,” akasema, akapanda basi.

Getini mwa hospitali Dodoma mlinzi alimwona akashtuka. “Wewe mgonjwa! Nani amekutoa wodini?” Ilibidi aitwe Agnetha kuja kumwokoa. Ndiyo siku pekee Doto alicheka.

Vipimo vikapita. Sindano zikaanza, moja kila siku, za kuzisukuma mbegu za damu zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye mishipa. Mifupa ikauma kiunoni na mgongoni kama mtu aliyeshinda akibeba mawe. Wodi ya Kulwa ilikuwa ghorofa ya juu, lakini hawakuwa wameonana. Doto hakuwa tayari, na hakuna aliyemlazimisha.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, meseji:

“Nipo kwa katekista. Ukisema unarudi kesho asubuhi, ndoa inatangazwa Jumapili. Usiporudi tusijuane.”

Doto aliisoma mara tano. Alimpenda yule mtu. Alimpenda kwa jinsi anavyokula akiwa amesimama, kwa jinsi anavyomwita “bosi wa buti.” Stendi haikuwa mbali, na mifupa ilikuwa inamuuma. Akaanza kukunja nguo.

Agnetha akaingia na sindano, akaona begi liko wazi. Akaanza kuandaa sindano.

“Nesi, Kulwa amefikia wapi?”

“Dawa kali alimaliza jana.”

Doto akakaa kitandani. Akachukua simu, akaandika:

“Maduhu, Kulwa ameshashuka. Huko chini hana taa. Kamba nimeishika mimi. Wewe ungeiachia?”

Akaona ameisoma. Hakujibu.   Magharibi akapiga, simu haipatikani. Doto akalala na uchungu wake, pete kidoleni.

Asubuhi wakamlaza kando ya mashine, sindano mkono huu na huu. Damu inatoka kulia, inapita mashineni, inachujwa, inarudi kushoto. Muda wa saa nne au tano bila kukunja mkono. Kifuko kidogo juu kikaanza kujaa kimiminika chekundu chepesi. Hicho tu. Ugomvi wa miaka sita na uhai wa mtu, vyote kwenye kifuko cha kujaa kiganja.

Simu yake ikaita.

“Nikushikie?” Agnetha akauliza, akamwekea sikioni.

“Doto, nipo getini,” ilikuwa sauti ya Maduhu, imekauka kwa safari. “Mlinzi ananiuliza nimekuja kwa nani, kwa mgonjwa au kwa pacha wake. Nimemwambia kwa yule aliyeshika kamba.”

Doto akalia bila mkono wa kujifutia. Agnetha akamfuta.

Maduhu alipoingia alikuwa bado na buti za kazini. Akapiga magoti kando ya kitanda kwa uangalifu, asiguse mipira ya mashine.

“Simu iliisha chaji njiani, nimeichaji hapo kwa mlinzi. Nisamehe. Kule kwetu ukiachia kamba mtu yuko chini, hakuna duara litakalokupokea tena. Na mimi nilikwambia uachie.”

“Na katekista?”

“Nimemwambia ndoa ipo, tarehe itasogea. Nilimwogopa Valerian, Doto.”

“Hata mimi nilidhani nitamwogopa. Nimemkuta kwenye benchi amesinzia, mdomo wazi. Moyoni sikusikia kitu.”

“Unaumia?”

“Sana.”

“Unaogopa?”

Doto akamtazama. Hatimaye ameuliza.

“Sasa hivi, kidogo tu.”

Siku iliyofuata, kifuko kikiwa kimeshaingia mwilini mwa Kulwa, Doto alipanda ghorofa ya juu kwa hiari yake. Kioo kilikuwa kati yao. Kulwa hana nywele, amebaki macho. Wakaongea kwa simu.

“Doto.”

“Usiongee sana.”

“Nilikukosea.”

“Ulinikosea.”

Kulwa akaegemeza paji la uso kwenye kioo.

“Niliwaambia wasikuombe.”

“Ndiyo maana nimekuja,” Doto akasema.

Haikuishia hapo. Siku ya tisa homa ilimpanda Kulwa, na familia nzima ikaacha kula. Siku ya kumi na saba daktari akasema damu mpya imeanza kutengenezwa. Agnetha alipiga kama alivyoahidi, baada ya siku, wiki, mwezi. Mifupa vipi? Uchovu vipi? Na moyo, dada Doto, una mtu wa kuzungumza naye?

Simu ya mwezi wa sita ilimkuta Doto amevaa shela, gari linapiga honi nje.

“Nesi, nifanyie haraka, naolewa!”

“Maumivu?”

“Hakuna.”

“Uchovu?”

“Muulize Maduhu kesho.”

Ukumbini Kulwa alikaa na mama karibu na dirisha, barakoa usoni, nywele zimeanza kuota, amevaa kitenge kile alichonunua mama. Doto alikuwa amejifunga cha kwake juu ya shela, mshereheshaji alipinga akashindwa.

“Sasa tunamwita mzazi wa bibi harusi,” mshereheshaji akatangaza. “Mama Kulwa, simama tukuone!”

Mama akaanza kuinuka. Kulwa akamshika mkono akamzuia, akanyoosha mkono kuomba kipaza sauti, akashusha barakoa kidogo.

“Samahani,” akasema kwa sauti ndogo. “Jina hilo nimelitumia miaka thelathini na moja, nalirudisha. Anaitwa Mama Doto.”