Kurasa Zilizoshonwa kwa Nywele

Jambo lilianza kwa harufu tu. Mvua za Juni zilikuwa zimekatika pale visiwani Goto, na kama kila mwaka masista wa nyumba ya watawa ya huko walitoa vitabu vyao vya zamani wakavianika kivulini, upepo uondoe ukungu na wadudu. Sista Tazue, mtunza kumbukumbu wa shirika, akalinusa Daftari la Marehemu mara mbili. Lilinuka nywele za mtu aliyezama.

Daftari hilo husomwa kila mchana mezani. Msomaji hutaja sista aliyefariki tarehe kama ya leo, wote huitikia, "Apumzike kwa amani," ndipo vijiti vya kulia huguswa. Katikati yake palikuwa na kurasa nne zilizoshonwa pamoja.

"Ziache hizo," alisema Tamae mpishi, ambaye siri za nyumba ile alizijua zote, na asiyoijua aliitunga. "Humo mna jini la baharini. Masista wa kwanza walilishonea humo kwa nywele walizonyolewa siku ya nadhiri. Bibi yangu alipika hapa, aliniambia."

"Bibi yako alisema pia Mama Mkuu wa zamani alikuwa na mchumba."

"Na alikuwa naye!"

Tazue akacheka. Alikuwa ametoka Nagasaki kwenye mafunzo ya siku tatu ya kuhifadhi karatasi, akafundishwa kwamba uzi mbovu hukatwa. Akakata. Kurasa zilikuwa tupu.

Asubuhi yake ukurasa wa kwanza ulikuwa na maandishi: Sista Kinue, tarehe ishirini Julai. Zilibaki siku tatu. Kinue alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, ndugu pekee aliyembakia, na mwandiko ulikuwa wa Tazue mwenyewe.

"Dada, nimekukosea nini hata unizike mapema hivi?" Kinue alitania.

Tazue akafuta, jina likarudi. Akautia ukurasa motoni, ukachuruzika maji ya chumvi, moto ukazimika. Padri aliitwa akanyunyiza maji ya baraka, kisha akakimbilia boti ya saa nane na soksi tu, viatu mkononi.

"Tulishone tena," Tazue alinong'ona.

"Kwa nywele za nani?" akauliza Tamae. "Sista wa mwisho kunyolewa hapa ni miaka arobaini sasa."

Mama Mkuu akaamua: "Basi daftari lisisomwe."

Tarehe ishirini daftari lilifungiwa kabatini, msomaji akaketi mezani na wenzake, na masista tisa wakainamia mabakuli yao, jua la mchana likiwaka dirishani, huku ile harufu ikiingia polepole chini ya mlango, ikipita nyuma ya kiti kimoja baada ya kingine, mpaka ikasimama pale msomaji asimamapo, pasipo na mtu, na sauti yenye maji kooni ikasoma, "Sista Kinue."

Midomo ile ilikuwa imeitikia kila mchana maisha yake yote. Ikaitikia. Tazue aliuziba wake kwa mikono miwili, na maneno yakampenya katikati ya vidole: "Apumzike kwa amani."

Kinue naye aliitikia, tena kwa sauti nzuri kuliko wote. Kisha akavilaza vijiti vyake sawasawa, akainamisha kichwa kama mtu aliyeshiba, asikiinue tena, na supu yake hakuwa hata ameionja.