Hakuna Anayepima Duara Lake

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Noela alipeleka chupa ya chai na viazi vya kuchemsha kwenye duara la shangazi yake, kule machimboni Nyarugusu. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. La shangazi yake lilikuwa limeshuka mita arobaini na lilishikiliwa na matimba ya miti ili lisiporomoke. Shangazi huyo, Generosa, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji tisa: wanaume wanane na yeye. Alivaa gambuti kuanzia alfajiri mpaka jioni, na alizungumza kwa kifupi. Watu walimsikiliza kwa sababu hakuwahi kupiga kelele.

Kutoka machimboni Noela alikwenda moja kwa moja kwenye gazeti la ukutani. Lilikuwa ubao mpana karibu na ofisi ya walimu, na habari zilibandikwa kwa uji mzito wa muhogo. Wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wamempigia kura awe mhariri. Rafiki yake Mwamvua alikuwa mchoraji. Wawili hao walikaa dawati moja tangu darasa la tatu, na mmoja akikosa kalamu, mwenzake alivunja yake ya risasi vipande viwili.

Jumatatu moja Noela alibandika makala kuhusu historia ya vita vya Israeli na Palestina. Wanafunzi wenyewe walikuwa wameiomba. Vita vile vilikuwa kwenye kila redio na kila simu, na hata pale kijiweni kwa bodaboda palikuwa na pikipiki yenye bendera ya Israeli na nyingine yenye bendera ya Palestina, na wenyewe walikuwa hawasalimiani. Noela aliandika Jumapili baada ya ibada. Alitumia aliyoyasikia kanisani na ramani iliyo nyuma ya Biblia ya nyumbani, ile inayoonyesha nchi ilivyogawiwa makabila kumi na mawili. Aliinakili kwa penseli za rangi, akaipendezesha, na chini yake akaandika: Israeli ya leo.

Saa nne, wakati wa mapumziko, alikuta makala imechanwa katikati.

Watoto walikuwa wamejazana pale. Masalu, kijana mrefu aliyekaa dawati la nyuma, alikuwa anawaambia wenzake kwamba anajua ni watu wa dini gani waliochana. Wa upande wa pili wakamjibu kwamba mdomo wake ni mkubwa kuliko ndoo ya kisima. Noela alikuwa bado anaokota vipande, ndipo Mwamvua alipojitokeza mbele.

"Nimechana mimi," alisema. "Umeandika kama vile pale hapakuwa na watu."

Noela alisimama na vipande mkononi. Alimwambia Mwamvua kwamba kama ana historia nyingine ailete, asichane ya mwenzake. Mwamvua hakungoja kuambiwa mara mbili. Mchana, baada ya kula nyumbani, alirudi na simu ya kaka yake, akaonyesha picha ya mji uliobomoka wote, nyumba zimelala kama mabua baada ya kuvuna. Alisema hiyo ndiyo historia na haihitaji maneno.

Mwalimu Donatus, mwalimu wao wa historia, alifika kwa sababu ya zogo. Alitazama ramani, akatazama na picha.

"Noela, ramani hii ni ya maelfu ya miaka iliyopita. Ukiifuata leo utapotea njia," alisema. "Na wewe Mwamvua, picha hii ni ya tetemeko la ardhi katika nchi nyingine kabisa. Niliiona miaka mingi iliyopita."

Masalu akacheka. Mwalimu akamnyamazisha kwa jicho, kisha akatoa amri. Ijumaa ilikuwa Siku ya Wazazi, na yeye hakutaka wazazi wagombane uwanjani. Ubao usiguse tena habari ile. Noela aandike kuhusu malaria na vyandarua. Akibandika kitu kingine, si mhariri tena.

Siku ile Noela na Mwamvua walikaa dawati moja bila kusemeshana, na daftari limesimamishwa katikati yao kama ukuta.

* * *

Jioni Noela alipofika machimboni, alikuta kazi imesimama. Duara la Generosa na la jirani yake, bwana mmoja aitwaye Sikujua, yalikuwa yametobozana. Maana yake, wachimbaji wa pande mbili walichimba chini kwa chini mpaka wakakutana, wakatazamana kupitia tundu ukubwa wa sinia. Kila kikundi kilidai kwamba mwenzake ndiye aliyevuka mpaka. Watu walishika sururu si kwa ajili ya kuchimba.

Noela alitazama shangazi yake anavyofanya. Kwanza Generosa alitaka sururu zote ziwekwe chini, na za watu wake zikatangulia. Kisha akatoa kamba ndefu yenye fundo kila baada ya mita moja. Mmoja wa vijana wake akaishika, akasema atashuka kupima duara lao ili watu waone kwamba halijavuka.

"Wewe utapima la Sikujua," Generosa alimwambia. "La kwetu atapima mtu wake. Hapa hakuna anayepima duara lake."

Ikawa hivyo. Kijana wa Generosa aliteremka katika shimo la watu aliokuwa akiwatukana muda mfupi uliopita, na mtu wa Sikujua akateremka katika lao. Walikaa chini muda mrefu. Walipotoka, mtu wa Sikujua alieleza alichokiona katika duara la Generosa: fundo thelathini na moja kutoka shimoni mpaka kwenye tundu, wakati mpaka uko kwenye fundo la ishirini na tisa, na matimba mawili yameoza, yabadilishwe kabla hayajaua mtu. Kijana wa Generosa naye alisema, kwa shingo upande, kwamba Sikujua hajavuka.

"Basi tumevuka sisi," alisema Generosa. "Mita mbili. Tutarudi nyuma."

Wakati wa kurudi nyumbani Noela alimsimulia yote: makala, ramani, picha, amri ya Mwalimu. Alitaka kuhurumiwa. Generosa alimuuliza kitu kimoja tu, kama alipoandika ile makala alikuwa ameshuka kwenye duara la nani.

Kesho yake aliliangusha lile daftari lililosimama katikati ya dawati.

"Siandiki malaria," alimwambia Mwamvua. "Naandika historia ileile, ila naandika ya kwenu. Na wewe unaandika ya kwetu."

Mwamvua alimtazama kama mtu aliyepewa nyoka akiambiwa ni mkanda. Alisema hawezi kuandika ya watu wale. Noela akamwambia kwamba ndiyo maana aandike yeye. Mwamvua aliomba muda wa kufikiri, na kabla ya kengele ya mapumziko akakubali.

Siku ile jioni Noela alikwenda kwa Ustadhi Zamoyoni, mwalimu wa madrasa ya Mwamvua. Alimkuta anashona mkeka, akampa shikamoo. Ustadhi aliitikia marahaba, akashangaa kumwona mtoto wa kanisani anakuja na daftari. Alimweleza kwamba Wapalestina waliishi katika nchi ile vizazi kwa vizazi, Waislamu na Wakristo pamoja. Noela aliacha kuandika. Hakujua kwamba kuna Wapalestina Wakristo, na kwamba wengine wao wanaishi Bethlehemu ileile anayoiimba kila Krismasi. Ustadhi akaendelea: mwaka 1947 Umoja wa Mataifa uliamua kuigawa nchi katika sehemu mbili, moja ya Wayahudi na nyingine ya Waarabu. Waarabu, ambao walikuwa wengi zaidi, walikataa. Vikaja vita, na watu wapatao laki saba walikimbia au walifukuzwa makwao. Wengi walifunga milango na kuondoka na funguo, wakidhani watarudi baada ya siku chache. Funguo hizo baadhi ya familia wanazo mpaka leo. Baada ya vita vya mwaka 1967 maeneo mengine yakatawaliwa na jeshi la Israeli, na makazi ya Waisraeli yakajengwa humo.

Mwamvua naye alikwenda kwa Katekista Wiliam. Huko alisikia jinsi Wayahudi walivyoonewa Ulaya kwa mamia ya miaka, na jinsi milioni sita walivyouawa katika vita kuu ya pili, watoto kwa wazee. Alisikia kwamba meli zilizojaa wakimbizi wao zilifukuzwa bandarini, na kwamba kwao ile nchi ilikuwa ya mababu, ambayo hawakuacha kuitaja katika sala zao. Wao waliukubali mgawanyo ule wa mwaka 1947. Walipotangaza taifa lao mwaka uliofuata, majeshi ya nchi jirani yaliwavamia. Na Wayahudi mamia ya maelfu waliokuwa wakiishi katika nchi za Kiarabu nao waliondoka au walifukuzwa, wakaacha nyumba na maduka.

Walipokutana Jumatano kila mmoja alikuwa na daftari zito na maswali kibao. Siku ile na iliyofuata walikaa katika maktaba ya shule, ambayo ilikuwa kabati mbili na meza moja, wakalinganisha tarehe katika vitabu. Mwamvua alitaka kuondoa habari ya meli. Noela alitaka kuondoa habari ya funguo, maana aliona zinamuumiza anayesoma. Walibishana mpaka wakakubaliana kwamba kila kimoja kibaki kwa sababu hiyohiyo. Pale walipokuta vitabu viwili vinapingana, waliandika wazi kwamba hapa wanahistoria wanabishana.

Sehemu ya mwisho iliwachukua muda mrefu kuliko zote. Noela, aliyepewa upande wa Wapalestina, aliandika kwamba katika vita vilivyoanza mwaka 2023 makumi ya maelfu ya watu wa Gaza waliuawa, watoto wengi wakiwemo. Mwamvua aliandika kwamba vita hivyo vilianza baada ya wapiganaji wa Hamas kuvamia Israeli, wakaua watu wapatao elfu moja na mia mbili na kuteka wengine kama mia mbili na hamsini. Akaongeza kwamba Watanzania wawili vijana, waliokwenda huko kujifunza kilimo, nao waliuawa. Aliandika mstari huo akainuka, akaenda kusimama dirishani.

* * *

Ijumaa asubuhi walibandika. Ukurasa wa Wapalestina ulikuwa na jina la Noela, wa Waisraeli na Wayahudi ulikuwa na jina la Mwamvua, na katikati palikuwa na ramani nne za miaka tofauti, kazi ya mkono wa Mwamvua.

Masalu alikuwa wa kwanza kusoma. Alimgeukia Noela.

"Umesilimu lini?"

"Soma mpaka chini, halafu uniambie mstari gani ni wa uongo."

Masalu alisoma mpaka chini. Hakupata mstari. Wenzake wa Mwamvua nao walimwita msaliti, naye akawajibu vilevile: waonyeshe kosa, kalamu anayo mkononi.

Mwalimu Donatus alipofika, watoto walimpisha. Hakupandisha sauti.

"Nilikwambia nini, Noela?"

"Uliniambia niandike malaria, Mwalimu. Nimekataa." Hakutazama chini. "Nivue uhariri. Ila usome kwanza."

Mwalimu alinyoosha mkono kama mtu anayetaka kubandua. Mkono ukabaki hewani, kwa sababu alikuwa ameanza kusoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaenda wa pili, akarudi wa kwanza. Wazazi walianza kuingia. Ustadhi Zamoyoni alikuwemo, na Katekista Wiliam, na Generosa akiwa na gambuti zake zenye tope. Nao wakasimama kusoma. Uwanja ulitulia kwa namna ambayo Mwalimu hakuitarajia. Baba mmoja alianza kulalamika kwamba upande wake umepewa maneno machache, na Katekista akamwonyesha kwamba mistari ya kurasa zote ni sawa, ishirini na minne.

Baba yule hakuridhika. Alimuuliza Generosa, ambaye watu wote walimjua, kama ni sawa watoto kufundishwa kwamba kila upande una haki.

"Sijaona palipoandikwa hivyo," alisema Generosa. "Machimboni tunapimiana. Jumatatu tulipima tukakuta tumekosea sisi. Mwaka jana alikosea jirani. Kupima duara la mwenzako si kumpa haki. Ni kujua kilichoko chini kabla ya kufungua mdomo. Wengi wetu tunatukanana juu hapa, na hakuna aliyeshuka. Watoto hawa wameshuka, tena kila mmoja kwenye shimo aliloliogopa. Sasa mkitaka kubishana, bishaneni, lakini na mjue mnachobishania."

Mwalimu Donatus alishusha mkono. Alisema mbele ya wote kwamba alizuia habari ile kwa kuogopa ugomvi, na kwamba kukosoa ramani na picha bila kuwafundisha watoto pa kutafuta ukweli ilikuwa kazi nusu. Gazeti libaki, na mhariri abaki.

Kisha akamgeukia Noela. "Lakini ulivunja amri. Ungekuja kunionyesha kwanza, ningesoma. Wiki nzima utachota maji ya kumwagilia bustani ya shule, ndoo kumi kila asubuhi."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Noela. "Ila makala ibaki."

"Nimeshasema itabaki."

Jumatatu Noela alifika kisimani mapema. Mwamvua alikuwa ameshajaza ndoo mbili, amejifunga kanga kiunoni. Noela alimkumbusha kwamba adhabu haikuwa yake. Mwamvua akamwambia aache maneno na ashike kamba, maana jina lake nalo lilikuwa pale ubaoni.