Sikio la Pili

"Mama amefariki. Mtoto asilie."

Jecha aliusoma ujumbe mara moja, akaufuta, akaipitisha Hilux kwenye taa nyekundu za Overport, Durban. Taksi zikampigia honi, dereva mmoja akamtukana kwa Kizulu. Hakujali. Alikuwa jasusi wa Dar, mzaliwa wa Unguja, na mtu aliyepewa kumlinda alikuwa karibu kuuawa.

Mwaka uliopita, 2013, aliliteketeza Sikio mjini Maputo, ile mitambo ya Kanali Léonidas iliyosaka watu kwa sauti zao. Alidhani amelimaliza. Kumbe Léonidas alikwenda kuunda la pili, na hili halikuwa na mitambo ya kuchoma. Lilijificha ndani ya programu ya kupiga simu nyumbani bure, likisikiliza kila sauti iliyo karibu na simu, na nusu ya Wakongo wa Durban walikuwa nayo mfukoni. Nani akatae cha bure?

Lilimtafuta Constance, nesi wa Bukavu aliyewaona askari wa kanali wakiua wagonjwa vitandani. Ijumaa angesafiri kwenda kutoa ushahidi. Tangu afike Durban aliishi juu ya saluni akinong'ona tu, maana mnong'ono Sikio halikuutambua.

Sasa walikuwa wamemuua mama yake, ili apaze sauti.

Ushenzi mtupu.

Redio ilikoroma. Verediana, mwenzake, aliyekuwa Pinetown, nje kidogo ya jiji.

"Kaka Jecha, habari imeshafika saluni. Kina mama wanajikusanya wapande juu kumwambia."

"Wana simu?"

"Kila mmoja."

"Na ghala la mtego?"

"Tayari. Tunangoja sauti yake tu."

"Sharp. Namleta."

Alipanda ngazi za nyuma mbiombio. Constance alikuwa akipiga pasi. Jecha akamshika mkono, akamshusha hadi garini bila kumweleza kitu. Chini ya kiti kulikuwa na kinasa sauti cha Sony. Alijichukia, lakini alikibonyeza.

"Dada Constance, mama yako amefariki. Wamempiga risasi."

"Mama? Mama yangu?"

Kilimtoka. Kilio chote alichokuwa amekimeza tangu akimbie Bukavu. Alimwita mama yake kwa jina la ubatizo, kwa jina la ukoo, kwa jina la utani walilomwitia jikoni. Aliipiga dashibodi kwa viganja. Jecha aliendesha kuelekea Pinetown huku naye machozi yakimtoka.

Kisha Constance akakiona kitaa chekundu.

"Uko unanirekodi?"

Jecha akaongeza mwendo.

"Mimi nalilia mama, na wewe uko unarekodi?"

Ghalani Verediana alikiweka kinasa mbele ya simu yenye ile programu, akafungulia. Kilio kikajaa ghala tupu.

Sikio likasikia.

Basi dogo jeupe, Quantum, lilifika kwa kasi. Wanaume wanne wakaruka nje na bunduki za AK, wakaingia ndani mbio. Wakakuta simu sakafuni.

Mlango wa chuma ukashuka nyuma yao.

Glock ya Jecha ililia mara mbili. Wawili wakaanguka, wa tatu akatupa silaha. Wa nne alikuwa Léonidas mwenyewe. Alinyoosha mikono juu, akitabasamu.

"Umenishika mimi," alisema akitiwa pingu. "Programu nimeshaiuza, ndugu. Wanunuzi ni wengi."

Jecha alijua si uongo. Wakati huohuo, mtu fulani alikuwa akiipakua.

Alimrudisha Constance saluni. Kina mama walikuwa wamekaa chini, viti vimesogezwa ukutani. Larissa, mwenye saluni, akamkumbatia, na vilio vikapanda upya. Constance akaketi katikati yao, macho makavu.

Jecha akachuchumaa karibu naye.

"Leo hakuna wa kukufuata, dada. Lia."

Constance akamtazama. Alijibu kwa sauti yake kamili.

"Nalia na nini? Kilio cha mama ulishakipeleka Pinetown."

Jecha akasimama. Akavaa miwani yake myeusi, akatoka bila kugeuka nyuma.