Singani Iliyobaki Mlangoni

Harufu ilianzia kwenye chai. Praxeda alionja, akatema, akamwaga sufuria nzima na kuchemsha upya kwa maji ya dukani. Chai ikatoka na uchachu uleule, uchachu wa mkonge uliokamuliwa. Na kiwanda cha mkonge cha Singani kilikuwa kimekufa kabla yeye hajaolewa. Mashine yake ya kukamulia, iliyoitwa korona miaka mingi kabla ugonjwa haujalichafua jina hilo, ilishauzwa kama chuma chakavu.

Singani ulikuwa mji, usicheke. Ulikuwa na king'ora chake, timu yake ya mpira na wakubwa wake wenye maringo, ingawa mvutaji aliweza kuuvuka wote kabla sigara haijaisha. Kisha Jiji la Tanga likaumeza. Watu walishangilia, maana waliahidiwa maji na lami. Aliyenuna ni Zabron, mume wa Praxeda, mjukuu wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, waliotoka Kigoma. Wapimaji walipong'oa jiwe la mpaka, roho ilimuuma. Kila aliyehama Singani, Mkristo kwa Mwislamu, alikuwa akifunga singa za mkonge kwenye jiwe lile na kuaga kwa sauti ndipo aondoke. Zabron alilibeba kwa toroli, akalijengea kizingitini mwa nyumba yake.

"Angalau mji ubaki kwangu," alisema. Ungedhani ndiye aliyeujenga. Mwaka huohuo Leticia akazaliwa, chumbani mle, mvua ikiwa imekata barabara.

Sasa Jiji lilikuwa limekuja na rangi nyekundu na kuchora alama ya X ukutani. Barabara inapanuliwa, wahame. Wangekwenda Muheza, kwa dada yake Praxeda.

Asubuhi ya kuhama jua lilikuwa kali. Praxeda alimbeba mtoto, begi begani, akavuka kizingiti walichokivuka kila siku, safari hii bila nia ya kurudi. Leticia akalegea. Hakukohoa wala hakulia. Pumzi ilikatika tu, midomo ikawa rangi ya jivu. Praxeda alirudi ndani mbio, na mtoto akavuta hewa. Akajaribu mlango wa uani, mtoto akalegea tena, akampitisha dirishani mikononi mwa Zabron, akalegea tena, akarudishwa, na kila aliporudishwa kitu kilinguruma chini ya sakafu, kwanza taratibu, kisha kwa mzunguko wa mashine nzito inayoshika kasi, mpaka vikombe vikagongana kabatini na harufu ya mkonge ikamkaba Praxeda kooni.

"Mama Leti, usijaribu tena," Zabron alinong'ona. "Nakuomba."

Alifunga singa kwenye jiwe, akaaga kwa niaba ya mtoto. Haikusaidia. Ndipo akakimbilia Nguvumali kumleta Mzee Idarusi, mganga, ambaye baba yake ndiye aliyesemekana kuweka mkataba na jini aliyekaa kiwandani.

Mzee alifika, akatazama kizingiti, asivuke.

"Nani kaliweka jiwe hili hapa?"

"Mimi, mzee. Nilidhani natunza kumbukumbu."

"Umemtunza jini mwenyewe." Alishusha sauti. "Wenye kiwanda walimwahidi jini watu wa kukaa naye, ndipo mashine zikakubali kuzunguka. Wa kuhama anaaga, wengine wanabaki. Sasa mji wote ni nyumba hii, na mzaliwa wake ni mmoja. Akienda huyo, jini abaki na nani?"

"Tulivunje jiwe."

"Livunje, umvunje na mtoto."

Huko barabarani greda lilikuwa limeshawashwa.

"Nitabaki mimi," Praxeda alisema. Aliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Wewe mtu wa Muheza," Zabron alijibu. "Mimi ndiye wa Singani."

Akakaa juu ya jiwe. Mzee Idarusi alifukiza ubani, akasoma, akamtaka atamke mwenyewe.

"Nipo," Zabron alisema. "Siendi."

Ngurumo ikakatika. Praxeda aliruka kizingiti na mtoto, na Leticia akaomba maji ya kunywa kama mtoto yeyote. Praxeda alilia kwa furaha, kisha akaionea haya furaha yake.

"Inuka sasa, Baba Leti."

Zabron alijaribu. Singa nyeupe, mbichi, zilikuwa zimechomoza katika nyufa za jiwe na kupenya visigino vyake.

Nyumba ilivunjwa. Kila greda lilipomkaribia yeye, lilizimika. Mwishowe waliipinda lami wakampita pembeni. Leo madereva humpigia honi wakidhani ni mwendawazimu, naye huwaitikia, "Karibuni Singani."

Praxeda alipanga chumba ng'ambo ya barabara ili ampelekee chakula. Mtoto alimwacha kwa dada yake, Muheza. Lakini Leticia alimlilia baba yake, akakonda kwa kumlilia, na Jumapili iliyopita, baada ya misa, Praxeda akamleta.

"Shikamoo, baba."

Mdomo wa Zabron ulifunguka. Sauti iliyotoka ilikwaruza, haikuwa yake.

"Marahaba, mwanangu. Huyu amechoka. Unarudi lini?"

Sahani ilimponyoka Praxeda. Alipogeuka kumshika Leticia mkono, mtoto alikuwa ameshakaa kando ya baba yake, juu ya jiwe.